Bwana Mifugo na Kuku wa Mama Yake

Nyumba ya Bwana Mifugo pale Kinyangiri, Singida, haikuhitaji kuelekezwa. Ulifuata kuku. Walikuwa wengi kuliko ua wake, wa kila rangi, wakipanda mpaka juu ya ukuta wa choo na kushukia upande wa duka langu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake. Mgeni aliyetaka kununua jogoo aliambiwa, "Hawa si wangu." Aliyeomba mayai ya mgonjwa aliambiwa vivyo hivyo. Akiuliza basi ni wa nani, Bwana Mifugo alijibu bila kutabasamu, "Wa mama." Mama huyo alikuwa Rungwe, ng'ambo ya pori lote la Itigi na milima ya Mbeya, na kuku hao hakuwahi kuwaona.

Nauza dawa za mifugo na mbegu katika chumba cha mbele cha nyumba ile ile ambayo yeye alipanga vyumba vya nyuma. Nilimwona akitoka, nilimwona akirudi, na kwa kuwa ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba, nilisikia mengi ambayo sikuuliza. Habari za ukoo wake sizijui vizuri. Nitaandika niliyoyaona.

Alikuwa mrefu, ameinama kidogo mabegani kama mtu aliyezoea kuingia mazizini. Pikipiki ya serikali alikuwa nayo, ila mara nyingi iliegemea ukuta ikisubiri mafuta, kwa hiyo alitembea, buti nyeusi za mpira miguuni na kisanduku cha baridi cha chanjo begani. Alifika kwa watu kabla kuku hawajafunguliwa bandani, kwa sababu chanjo ya mdondo, ugonjwa unaomaliza kuku, ni tone la jichoni, na kuku akishatoka nje huwezi tena kumshika. Wazee walimpenda kwa hilo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Umewahi kuliko jogoo mwenyewe."

"Ng'ombe hana Jumapili, mzee."

Huo ndio ulikuwa msemo wake. Aliusema kwa wafugaji waliochelewa kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, kwa vijana waliolala siku ya josho, hata kwangu nilipotaka kufunga duka mapema. Ng'ombe hana Jumapili, hana Idi, hana Krismasi. Kupe hangoji umalize ibada. Watoto wa shule waliuigiza kwa sauti yake nzito, wakitembea wameinama mabega. Aliwasikia, akacheka.

Kuhusu ukali wake, nitataja siku ya Mzee Kitundu. Huyu ni mfugaji mkubwa wa upande wa bondeni, mtu ambaye hata mtendaji wa kata alimwamkia kwa mikono miwili. Palikuwa na karantini ya homa ya mapafu, naye akaamua kupeleka kundi mnadani. Bwana Mifugo aliwakuta njiani. Hakuwa na askari wala barua. Alisimama katikati ya njia mbele ya ng'ombe.

"Toka njiani, Daktari," Mzee Kitundu alisema.

"Mzee wangu, nipige kwanza mimi, halafu upite."

Mzee aliinua fimbo. Waliokuwapo wanasema ilikaa juu kitambo. Kisha akaishusha, akasema kitu kwa Kinyiramba ambacho hakuna aliyekubali kunirudia, akageuza ng'ombe. Tangu siku hiyo akawa rafiki yake mkubwa kuliko wote.

Mtu huyo huyo, simu ikilia na jina la mkuu wake wa idara wilayani likatokea, alisimama. Simwelezi kwa mfano. Alisimama kweli kweli, hata kama alikuwa anakula, mkono una ugali, akanyoosha mgongo ambao kwa kawaida haukunyooka. "Ndiyo, mkuu. Sawa, mkuu." Siku moja nilimtania.

"Jirani, hakuoni yule."

"Sauti ya mtu aliyekaa inajulikana," alisema.

Idara yao ilikuwa na kundi la kutumiana ujumbe kwenye simu. Maagizo yote yalipita humo, na kila agizo liliishia kwa maneno yale yale: thibitisha kupokea. Watumishi walitakiwa kuandika "Nimepokea" mmoja baada ya mwingine, na asiyeandika alitafutwa kwa jina mbele ya wote. Bwana Mifugo alikuwa wa kwanza kila mara. Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, na ili kuwa wa kwanza alipanda lile jiwe kubwa nyuma ya zahanati, ambapo simu hushika vizuri, akasimama juu yake kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Juu ya jiwe hilo hilo ndipo alipoongea na mama yake.

Hapa lazima nieleze habari ya kuku. Kwetu, mtu anayetoka mbali akipata ruhusa ya kwenda kumwona mama yake, haendi mikono mitupu, wala hajinunulii zawadi. Zawadi humfuata. Mama mmoja analeta mtetea, mwingine jogoo, mwingine chupa ya mafuta ya alizeti, na wote wanasema neno moja, "Msalimie mama." Kuku wa mama wa mtu akishapokelewa, harudi alikotoka. Mama akiwa amekufa kabla mwanawe hajafika, hapo ndipo kuku hurudishwa, na mwenye kuku akimwona anaingia uani kwake huanza kulia bila kuuliza. Kuku huyo akirudi, ndiyo taarifa ya msiba. Hana maana nyingine.

Likizo yake ya kwanza tangu nimfahamu ilipitishwa vizuri, barua ikagongwa muhuri. Kuku wakaja, wakajaa tenga. Alinunua mpaka shati jipya. Kesho yake asubuhi alikuwa aondoke, na jioni akapanda jiwe kuwaambia kwao. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alipita dukani kwangu, akaegemea meza.

"Kuna ugeni unakuja," alisema. "Likizo zote zimesitishwa."

"Hata zilizopitishwa?"

"Hizo ndizo za kusitisha, jirani. Zisizopitishwa zinasitishwaje?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka hapo tutakapotangaziwa." Akaenda zake nyuma, akafungua tenga.

Hakuweza kuwarudisha kuku, maana mama yake alikuwa hai. Hakuweza kuwala, maana si wake. Akawajengea banda la fito. Ugeni ulikuja, ukakaa muda wa kupiga picha kwenye josho, ukaondoka. Likizo haikutangazwa tena mwaka ule. Kuku wakaanza kutaga.

Mwaka uliofuata ilikuwa chanjo ya kitaifa, na baadaye kuandikisha mifugo, na baadaye ukaguzi. Kila likizo ilipopitishwa, watu walileta kuku wengine, kwa sababu walipewa habari njema nao wakaitikia kama desturi. Kila iliposimamishwa, kuku walibaki. Mama Neema, anayepika mihogo mbele ya zahanati, alimtania, "Bwana Mifugo, mama yako ana mifugo mingi huku, aje alipe kodi." Alicheka naye siku hiyo. Siku nyingine aliposema hivyo, hakucheka, na Mama Neema akaacha.

Nini kilikuwa kinaendelea juu ya jiwe, nilikijua kidogo kidogo. Zamani alirudi na habari: mama kavuna ndizi, mama kagombana na dada juu ya chumvi. Kisha habari zikapungua. Dada yake ndiye aliyekaa na mama na kumshikia simu. Siku moja nilimkuta amekaa nje, buti hajazivua.

"Leo ameniuliza mimi ni nani," alisema.

"Mtandao, jirani. Huenda hakusikia."

"Alisikia. Nikamtajia jina. Akasema anamjua mwenye jina hilo, ni mwanawe." Akavua buti moja. "Dada anasema sauti imempotea, lakini sura bado. Akionyeshwa picha yangu anaitaja. Anasema niwahi kabla sura haijaenda."

Kuanzia hapo alikuwa na shida moja tu duniani, nayo ilikuwa kufika Rungwe wakati mama yake bado anaijua sura yake.

Likizo iliyofuata ilimfikisha mbali kuliko zilizotangulia. Alifika stendi ya Singida mjini, akapanda basi la Mbeya, tenga likafungwa juu. Ujumbe ukaingia dereva akiwa ameshawasha gari. Mtu mwingine angesema simu ilizimika. Yeye aliandika "Nimepokea," akashuka, akamwomba kondakta amshushie mzigo.

"Mzee, umesahau nini?" kondakta alimuuliza.

"Kazi," alisema.

Alirudi Kinyangiri tenga limefunikwa gunia, na akapitia nyuma ya mashamba ya alizeti ili watu wasione kuku wanarudi. Hata hivyo mwanamke mmoja aliona manyoya, akaanza kulia njiani. Ilibidi Bwana Mifugo aliyekosa safari asimame kumbembeleza yeye, akimwapia kwamba mama yupo, mama ni mzima, ni likizo tu iliyokufa.

Wafugaji waliamua kusema. Mkuu wa idara alipokuja kukagua josho, Mzee Kitundu alisimama mkutanoni, akavua kofia.

"Mheshimiwa, huyu mtu wetu mwacheni akamwone mama yake. Sisi tutakaa na ng'ombe zetu. Tuliishi nazo kabla yake."

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Kwa haki niseme, naye alikuwa na mkuu wake, na niliwahi kumwona akipokea simu amesimama. Alitabasamu, akamgeukia Bwana Mifugo.

"Mzee, lakini si yeye anayetufundisha sote kwamba ng'ombe hana Jumapili? Au nimekosea, Bwana Mifugo?"

Watu wakacheka, kwa kuwa ulikuwa msemo wake na ulisemwa vizuri. Bwana Mifugo naye alicheka. "Hujakosea, mkuu," alisema. Sikumsikia akiutamka tena. Watoto waliendelea kuuigiza, mpaka siku moja nikawakemea, wakanishangaa.

Kilichofuata ni mdondo. Mvua zilichelewa, kuku wakaanza kufa upande wa Sepuka, habari zikatufikia, naye akaomba chanjo wilayani. Ilikuja kidogo. Alianza na nyumba za mbali, akaja na nyumba za wajane, akamaliza na nyumba za jirani, kila asubuhi kabla ya jua, tone jichoni. Chanjo ikaisha kabla ya kufika uani kwake. Nilimwuliza kwa nini hakuwatangulizia hata wachache wa mama.

"Watu wangesemaje? Daktari kaanza na wake?"

"Lakini wewe unasema si wako."

Alinitazama kana kwamba nimemshika shati. Wiki ile walikufa mmoja mmoja, shingo zimepinda, wengine juu ya ukuta wa choo walipozoea kukaa. Aliwachoma kama sheria inavyotaka. Alipomaliza, alikuwa amebaki mtetea mmoja wa kishingo, shingo tupu nyekundu isiyo na unyoya, kuku aliyetoka kwa Mzee Kitundu. Mzee alisema kuku huyo ni mbishi kama yeye mwenyewe.

Miezi michache baadaye likizo ikapitishwa tena. Safari hii hakumwambia mtu. Hapakuja kuku, hapakuja mafuta. Asubuhi aliingia dukani, shati lile ambalo siku zote liliitwa jipya, tenga dogo mkononi na kishingo ndani, akaweka simu juu ya meza yangu.

"Jirani, hii ikae kwako."

"Utampigiaje dada?"

"Sitampigia. Nitafika."

"Ikilia?"

"Iache ilie." Akaitazama ile simu kwa muda, kama mtu anayemwacha mgonjwa. "Usinijibie."

Ililia siku ile ile kabla ya mchana. Niliufungua ujumbe kwa sababu ulikuwa pale mbele yangu. Likizo zote zimesitishwa, thibitisha kupokea. Nikayaona majina yakishuka moja chini ya jingine: nimepokea, nimepokea, nimepokea. La kwanza halikuwa lake. Jioni jina lake likaulizwa mbele ya wote. Kesho yake akapiga mkuu wa idara, akapiga tena. Simu ikatembea juu ya meza kwa kutetemeka mpaka ikagonga kopo la dawa ya kupe. Nikasikia kutoka wilayani kwamba barua ya kumtaka ajieleze inaandikwa.

Sasa nieleze tulivyokutana tena, siku kadhaa baadaye.

Nilikuwa narudi kutoka Dodoma na mzigo wa dawa, na simu yake ilikuwa mkobani mwangu kwa kuwa niliogopa kuiacha dukani. Basi letu lilisimama Mkiwa, pale njia ya Itigi inapoungana na barabara kuu, watu washuke wanunue vitunguu. Nilimwona amekaa kwenye benchi la mama ntilie, chai mbele yake imefanya utando. Tenga lilikuwa miguuni. Ndani ya tenga alikuwamo kishingo.

Nilisimama. Mimi ni mtu wa kule, na niliona nilichofundishwa kuona. Machozi yakanitoka kabla ya salamu.

"Hapana, jirani," alisema haraka, akiinua mkono. "Usilie. Mama yupo."

"Yupo?"

"Yupo. Kaa kwanza."

Nikakaa. Alisema amekuwa hapo tangu jana. Magari ya Singida yamepita mengi, hakupanda hata moja.

"Ilipigwa?" aliuliza, bila kusema nini.

"Ilipigwa."

"Walisitisha?"

"Siku ile ile uliyoondoka."

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha mahali alipoiona mwenyewe. Nikamuuliza kama alimkuta mama.

"Nilimkuta uani anachambua maharage. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri, akaniambia karibu mgeni. Dada akamwambia, mama, ni mwanao huyu. Mama akacheka. Akasema mwanangu yuko Singida, anafanya kazi ya serikali, likizo yake imezuiwa, lakini anakuja." Alipangusa mdomo ingawa hakuwa amekunywa. "Hilo analikumbuka lote, jirani. Ugeni, chanjo, ukaguzi. Kila nilichomwambia kwenye simu anakikumbuka. Akanieleza mimi mwenyewe, taratibu, nisimlaumu mwanawe."

Mama ntilie alikuja kuuliza kama abadilishe chai. Akamwambia iache tu.

"Nilikaa naye siku zote hizo. Kila asubuhi nilikuwa mgeni. Siku ya kuamkia kuondoka nikampa kuku, nikamwambia ametoka Singida. Akafurahi sana. Akamshika, akamkagua chini ya mabawa kama anavyojua. Asubuhi naaga, akanifuata mpaka barabarani na tenga. Akasema, wewe si unarudi huko? Mpelekee mwanangu. Mwambie mama yake bado ana kuku."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nikapokea."

Basi letu likapiga honi. Kishingo alitoa shingo yake nyekundu kwenye tenga, akaangalia watu.

"Nikishuka Kinyangiri na huyu," alisema, "Mzee Kitundu ataanza kulia, na kijiji kizima kitakuja kunipa pole. Nitawaambia nini? Mama hajafa. Na nikimwacha hapa, nimetupa kuku wa mama. Nikimchinja..." Akasukuma kando kikombe cha chai. "Nimekaa hapa tangu jana nafikiria kuku, jirani. Mtu mzima na kazi yangu."

Nilifungua mkoba nimpe simu yake, na ilipoingia mkononi mwake ikaanza kulia, kana kwamba ilikuwa inamsubiri. Niliona jina lililotokea. Bwana Mifugo alilitazama. Kisha akasimama, tenga mkono mmoja na simu mkono mwingine, akijaribu kunyoosha mgongo, na tenga likawa linamvuta upande.

"Ndiyo, mkuu," alisema.

Nikanyoosha mkono nikampokea tenga, ili asimame vizuri.